Nasaba na Mama Asiyetajwa

Methali husema mwacha asili ni mtumwa. Hutajwa aghalabu kwa nia njema, kuwaonya vijana wasidharau walikotoka. Walakini historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki huipa methali hii maana ya pili iliyo chungu: wengi walioitwa watumwa hawakuacha asili yao, bali waliachishwa. Walivuliwa jina wakapewa jingine, wakatengwa na ukoo wao wakahesabiwa katika nyumba ya bwana. Mjukuu wao anayetaka leo kujua khabari za wazee wake huona nusu ya nasaba imeandikwa kwa fahari, na nusu ya pili haikuandikwa.

Kutafuta nasaba ni kazi ya watu wengi siku hizi. Wako wanaowauliza wazee, wako wanaofungua hati za wakfu, na wako wanaopeleka mate yao katika maabara wapate kuelezwa damu yao ilitoka wapi. Wote hukutana na mafumbo: babu aliyetokea pasipojulikana, jina lililobadilika, mzee ambaye hakuna atakaye kumzungumza. Hoja ya insha hii ni kwamba nasaba ni utungo, na yapasa isomwe kama utungo. Ina mtungaji, ina hadhira, na ina kusudi. Asomaye nasaba kwa kuuliza tu kama ni kweli au uongo hupata jibu fupi lisilomfaa. Aulizaye ni nani aliyeachwa nje, na kwa faida ya nani, huanza kulifumbua fumbo. Katika maandishi ya pwani aliyeachwa nje aghalabu ni mama.

Sababu yake haiko mbali. Nasaba ya Kiislamu ya pwani hupangwa kwa kiungo kimoja, yaani bin: fulani bin fulani bin fulani, mpaka afikiwe mzee mwenye sifa. Mpango huo una nguvu katika sheria na katika maisha. Urithi hufuata nasaba. Ndoa nayo huifuata, maana katika madhehebu ya Shafii nasaba ni moja ya mambo yanayopimwa katika kufu, na binti wa ukoo mkubwa hakuozwa ovyo. Juu ya hayo yako mambo ya usuria. Kwa sheria, mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wa mamaye alikuwa huru tangu kuzaliwa kwake na alichukua nasaba ya baba kamili; mama aliyekwisha kuzaa hakuweza kuuzwa tena, na bwana alipokufa alipata uhuru. Sheria hiyo ilikuwa na rehema ndani yake, lakini ilikuwa na matokeo mengine. Mtoto alipanda daraja, na kadiri alivyopanda ndivyo ilivyomfaa kutotaja ngazi aliyopandia. Vizazi viwili vikipita, jina la bibi hupotea pasipo mtu yeyote kuamua kulifuta.

Mfano wa kwanza wa kupimia hoja hii ni khabari za Kilwa. Bahati njema khabari hizo zimefika katika nakala tatu zisizolingana, na kutolingana kwake ndiko kunakomfaa msomaji. Nakala ya Kiarabu, iliyopigwa chapa na S. Arthur Strong mwaka 1895, yasimulia juu ya sultani wa Shirazi na watoto wake sita waliosafiri katika majahazi saba. Kila jahazi likatua mahali pake, na mmoja wao akapata Kilwa, akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Huo ni ulimwengu wa baba na wana. Kisiwa chapatikana kwa biashara, na ukoo wa wafalme waendelea bin kwa bin kana kwamba haukupita katika tumbo la mtu.

Nakala ya pili ni ya Mreno João de Barros, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1552. Yeye naye ataja nguo na kisiwa, lakini aongeza neno moja lisilo katika simulizi ya Kiarabu. Asema kwamba Ali aliyekuja Kilwa alikuwa mtoto wa mtumwa wa Kihabeshi, hali ndugu zake walizaliwa na mama wa Kiajemi wa ukoo bora. Nao walimdharau, ndipo alipoondoka kwenda kutafuta mahali pake. Kwa sentensi hiyo moja kisa chote chageuka. Katika Kiarabu ni safari ya wafalme. Katika Kireno ni safari ya mtoto wa suria aliyenyimwa heshima kwao. Haiwezekani kuthibitisha ipi ndiyo iliyotokea. Lakini ni dhahiri ipi ingependwa na jumba la kifalme, na ni dhahiri pia kwamba neno hilo la mama, lililowekwa na mgeni asiyekuwa na haja ya kuutukuza ukoo ule, lilikuwa likijulikana kwa watu hata likamfikia.

Nakala ya tatu ni ya Kiswahili, iliyochapwa na Carl Velten mwaka 1907. Ndiyo inayostahili kusomwa kwa makini zaidi, maana huyapanga upya mambo yaleyale kwa akili ya wenyeji. Hapa mgeni aitwa Sultani Ali bin Selimani, na mwenye nchi ni mzee Mrimba. Mgeni hanunui kwanza. Atoa zawadi, afanya urafiki, kisha amwoa binti wa Mrimba. Baada ya hayo amwambia mkewe amweleze baba yake kwamba yafaa ahamie bara, kwa kuwa mkwe hakai pamoja na mkwewe. Mzee ajibu kwa kinywa cha binti yuleyule: kama mumeo ataka niondoke, na atandike nguo toka Kilwa hata bara nipite juu yake. Nguo zatandikwa, mzee aondoka. Baadaye binti azaa mtoto wa kiume, Muhammad. Naye akiisha kuwa mtu mzima aenda bara kumwamkia babu yake, na babu amkabidhi mamlaka yake.

Tofauti ya nguo yatosha kuonyesha kazi ya mtungaji. Katika Kiarabu nguo ni bei ya kisiwa. Katika Kiswahili nguo ni heshima ya mkwe, nayo yatolewa baada ya ndoa. Wala nchi haipatikani kwa nguo hizo. Yapatikana baadaye, kwa mjukuu, kwa njia ya mamaye. Kwa wasikilizaji wa Kilwa waliotoka bara na waliotoka ng'ambo, haki ya kutawala haikukamilika mpaka babu mzaa mama alipoitoa kwa mkono wake. Simulizi ya Kiswahili yajua jambo ambalo simulizi ya Kiarabu halikuihusu: mgeni hawezi kuwa mwenyeji kwa kununua, ila kwa kuzaliwa na mama mwenyeji.

Hata hivyo binti huyo hana jina. Yeye ndiye achukuaye maneno baina ya baba na mume, yeye ndiye azaaye mfalme, na pasipo yeye kisa chaanguka. Lakini msimulizi amtaja kwa Mrimba na kwa mumewe tu. Hapo ndipo penye fumbo la nasaba za pwani kwa ufupi: mama ni sababu ya kila kitu, naye hana mahali katika orodha.

Kwa muda mrefu wataalamu walizozana juu ya Washirazi kana kwamba hakuna njia ila mbili. Wengi wa zama za ukoloni waliichukua simulizi kama ilivyo, wakaifanya miji ya mawe kuwa mali ya wageni. Waliokuja baadaye, miongoni mwao Derek Nurse na Thomas Spear katika kitabu chao cha mwaka 1985, walionyesha kwa ushahidi wa lugha na utamaduni kwamba Waswahili na miji yao walichipuka katika Afrika, na kwamba hadithi ya Shirazi yapasa kusomwa zaidi kama ishara kuliko kama taarifa. Wa kwanza waliamini orodha ya baba. Wa pili waliitilia shaka.

Machi 2023 ulitolewa katika jarida la Nature uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani, ikiwamo Kilwa, Mtwapa, Manda na Faza. Kilichopimwa huitwa kwa Kiswahili vinasaba, na neno lenyewe lafaa kuangaliwa, kwa kuwa ni nasaba iliyotiwa kiambishi. Vinasaba vina faida ambayo nasaba ya karatasi haina. Mwili huhifadhi minyororo miwili mbalimbali: mmoja hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume tu, na wa pili hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote, nao huendelezwa na binti zake. Katika mifupa ile mnyororo wa mama ulionekana kuwa karibu wote wa Afrika. Mnyororo wa baba ulikuwa kwa wingi wa Asia, hasa upande wa Uajemi. Na kuchanganyika kwenyewe kulianza yapata mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 damu ya Asia iliyoongezeka ilitoka zaidi Arabuni.

Matokeo hayo yamesemwa kuwa yameithibitisha hadithi ya Shirazi. Msemo huo umepita mpaka. Wengi wa waliopimwa walizikwa penye misikiti na makaburi ya mawe, nao si mfano wa kila mtu aliyesema Kiswahili. Tena kilichoungwa mkono si simulizi lolote la Shirazi, bali kwa hakika ni lile la Kiswahili, lenye mgeni wa kiume na binti wa mwenye nchi. Nakala ya Kiarabu ilimjua baba tu. Mifupa yawajua wote wawili. Lakini maabara nayo ina kikomo chake. Yaweza kusema kwamba mama alikuwa wa Afrika. Haiwezi kusema aliitwa nani, wala kama aliozwa kwa heshima kama binti wa Mrimba au alichukuliwa kwa nguvu. Kwa maswali hayo hakuna budi kurudi katika maneno.

Maneno nayo yana hila zake, na mfano bora wa hila hizo umo katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili na mwenyewe, kikachapwa na Heinrich Brode katika miaka ya 1902 na 1903, na kutolewa tena pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley mwaka 1958 na 1959. Mwandishi wake ni mtu wa nasaba ya baba kwa ukamilifu: Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab, na kuendelea. Lakini katika safari zake za miaka ya 1870, alipokuwa akiikaribia nchi ya Utetera katika Kongo ya leo, nasaba hiyo haikumfaa kitu. Waliomzunguka hawakuwa na haja ya kumjua Rajab.

Ndipo asimuliapo kisa cha ajabu. Alipata khabari kwamba zamani wanawake wawili wa ukoo wa kifalme wa Utetera walitekwa wakapelekwa nchi nyingine, na kwamba ndugu yao, Kasongo Rushie, ndiye sasa aliyekuwa akitawala, naye ni mzee. Baada ya kuisikia khabari hiyo Tippu Tip alidai kwamba mmoja wa mateka hao aliangukia mikononi mwa babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir, akamzalia mama yake. Basi yeye Hamed alikuwa mjukuu wa nyumba ile. Kasongo Rushie akampokea kama jamaa aliyerudi, akamwachia utawala.

Mwandishi hakukiri waziwazi kwamba alibuni. Lakini mpango wa masimulizi yake wasema yale ambayo yeye hayasemi, kwa kuwa kwanza aeleza jinsi alivyoambiwa khabari za mateka, kisha ndipo jina la bibi latokea kinywani mwake. Msomaji aliye mwangalifu ataona tena kwamba kisa hiki ni kilekile cha Kilwa kwa sura nyingine. Mgeni afika, adai damu ya mama, mzee wa nchi amtambua mjukuu, mamlaka yakabidhiwa. Si lazima kudhani kwamba Tippu Tip aliziiga khabari za Kilwa. Yatosha kwamba yeye na waliomsikiliza walikuwa na kanuni moja vichwani, kwamba baba humpa mtu cheo na mama humpa nchi. Kwa hiyo mama hafichwi daima. Hunyamaziwa pale cheo cha baba kinapotosha, na huitwa kwa sauti pale nchi inapotakiwa.

Funzo kwa mtafutaji wa nasaba ni zito. Wako wanaodhani kwamba kimya ni uongo na kutajwa ni kweli. Kisa cha Utetera chaonyesha kwamba bibi aliyetajwa kwa majigambo aweza kuwa wa kubuni, na kisa cha Kilwa chaonyesha kwamba bibi asiye na jina aweza kuwa ndiye wa kweli kuliko wote. Katika kila hali swali la kwanza ni lilelile: kutaja huku, au kunyamaza huku, kumemletea nini msemaji?

Liko andiko la tatu ambamo mama ametajwa bila cheo wala nchi kupatikana. Ni kumbukumbu za Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akaolewa na Mjerumani, akajulikana kwa jina la Emily Ruete, na kuchapisha kitabu chake kwa Kijerumani mwaka 1886. Kwa desturi ya jumba alilozaliwa ingemtosha kusema kwamba yeye ni binti wa Sultani. Badala yake amtaja mamaye kwa jina, Jilfidan, suria wa Kicherkesi, na kueleza jinsi alivyotwaliwa akali mtoto: vita vilifika kwao, baba na mama wakauawa, naye akatenganishwa na kaka yake na mdogo wake, asipate khabari zao tena.

Kumbukumbu hizo si kamili. Hakuna jina la kijiji wala la wazazi, kwa kuwa mtoto aliyetekwa hakuweza kuyashika. Walakini thamani yake ni kubwa kwa sababu mtungaji hakupata faida kwa kuyasema. Aliandika kwanza kwa ajili ya watoto wake mwenyewe, waliokua Ujerumani mbali na kila kilichokuwa kwake. Hadhira hiyo yabadili utungo wote. Nasaba inayoandikwa kwa kadhi hutaja baba. Nasaba inayosemwa kwa mfalme wa kigeni humtaja mama anayefaa. Nasaba inayosimuliwa kwa watoto yaweza kumtaja mama kwa sababu alikuwa mama. Pengo lake halikuzibwa kwa sifa za uongo, bali limeachwa wazi ili watoto waone pale ukoo ulipokatwa.

Yaweza kusemwa kwamba hayo ni mambo ya wafalme na matajiri. Sivyo. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyoondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba iliwaacha nje masuria, wakahesabiwa kama wake, na uhuru uliotolewa kwa wengine haukuwafikia mpaka mwaka 1909. Yaani hata katika daftari la uhuru, pale ambapo mtumwa wa kiume aliweza kuandikwa jina lake na asili yake, mama wa nyumbani alibaki ndani ya nyumba. Wajukuu wa wanawake hao wamejaa pwani yote. Wengine walijiita kwa kabila la baba, wengine Washirazi, na hesabu za watu Unguja katika miaka ya 1924 na 1931 zaonyesha jinsi jina la Mswahili lilivyokimbiwa kwa miaka michache tu na majina mengine kukua. Hawakuwa waongo watu hao. Walikuwa wakichagua, katika utungo wa nasaba zao, kiungo kilichokuwa na heshima wakati ule.

Wapo wasemao funika kombe mwanaharamu apite. Wazee waliofunika walikuwa na sababu: neno moja la bibi mtumwa liliweza kuvunja posa, kuharibu kesi ya shamba, au kumtoa mtu katika safu ya mbele msikitini. Mtafutaji hana haki ya kuwahukumu, wala hana ruhusa ya kutangaza siri ya jirani kwa kisingizio cha elimu. Lakini kombe likifunikwa muda mrefu mno, wanaodhurika ni waliomo nyumbani. Mtoto afundishwaye kwamba hana bibi ila yule mwenye ukoo bora hujifunza pia kuwadharau wanaofanana na bibi yake wa kweli. Chuki nyingi za kabila katika pwani zilipata maziwa yake katika kimya hicho.

Basi njia ya kulisoma fumbo la ukoo ni hii. Orodha ya majina ya baba ichukuliwe kama mwanzo, wala isichukuliwe kama mwisho. Kila jina la kiume liulizwe mamaye ni nani, na kila jibu la haraka litiliwe alama. Hati za wakfu na za kadhi zisomwe kwa kutazama wanaogawiwa kidogo bila kutajwa ukoo, maana mara nyingi humo ndimo waliomo masuria na watoto wao. Nyimbo za kubembeleza, majina ya utani, makaburi yasiyozuriwa, jamaa wa bara ambao huja misibani na hakuna ajuaye undugu wao ni upi, yote hayo ni sehemu ya utungo. Vinasaba vipokewe kama shahidi mmoja, mwenye kusema kweli lakini asiyejua majina.

Zaidi ya yote nakala zilinganishwe. Lau Kilwa ingekuwa na khabari zake za Kiarabu peke yake, binti wa Mrimba asingejulikana kuwa aliishi. Alihifadhiwa kwa sababu watu wa mji walisimulia kisa chao kwa lugha yao kando ya kile cha jumba la mfalme. Katika kila ukoo kuna nakala ya sebuleni na nakala ya jikoni. Ya sebuleni imekwisha andikwa. Ya jikoni yashikwa na wazee, wengi wao wanawake, nayo huondoka nao wasipoulizwa wangali hai.